Chungu Kimoja Tu

Kaka yangu alikuwa mlevi. Jambo hili nililigundua mimi kabla ya mtu mwingine yeyote pale Kasense, na niligundua kwa hesabu, maana nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya misheni. Kila penye pombe, yeye alikaa kwenye vyungu vitatu, siku ya furaha vinne. Mimi nilikaa kwenye chungu kimoja tu. Tatu ni zaidi ya moja. Hata Bwana DC kule bomani asingeweza kunibishia.

Kwa msomaji ambaye hajafika Ufipa, inabidi nieleze habari ya chungu. Pombe yetu ya ulezi, ile nzito inayoitwa kimpumu, hainywewi kwa kikombe. Machicha yaliyochachuka hutiwa chunguni, yakamiminiwa maji ya moto, kisha watu wakakaa kuzunguka, kila mmoja na mrija wake. Maji yakipungua, anayehudumia huja na birika akaongeza mengine. Watu wanavuta, birika linarudi, watu wanavuta tena. Baridi ya kwetu ni kali, na kinywaji cha moto kinachopanda polepole kwenye mrija kinamfanya mtu ajisikie ana akili na ana ndugu wengi. Mwisho wa shughuli chungu bado kipo palepale, kimejaa kama kilivyokuwa mwanzoni. Ukimuuliza mnywaji amekunywa kiasi gani, atakujibu bila kusema uongo: chungu kimoja.

Hiyo ndiyo hesabu niliyojivunia kwa miaka mitatu.

Sasa niseme habari ya wivu, kwa sababu bila wivu nisingehesabu vyungu vya mtu. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilivaa viatu siku za kazi. Niliweza kuzungumza na Padri kwa Kiingereza, na Padri, ambaye Kiingereza chake chenyewe kilikuwa cha kujifunza, alinisifu. Kaka alikuwa mkulima, darasa la pili, miguu imepasuka visigino. Nikifika penye chungu, watu walisogea kwa heshima, wakasema, "Karibu, Mwalimu," halafu wakanyamaza. Akifika kaka, walisogea vilevile, lakini wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Kutoka kwenye chungu cha pili mtu aliita, "Kwani sisi huku hatumjui? Mlete na huku!" Naye alisimama na mrija wake mkononi, akauchomeka juu ya sikio kama karani anavyochomeka kalamu, akaenda. Huko nako kicheko. Halafu cha tatu.

Mimi nilibaki kwenye chungu changu nikivuta na kuhesabu.

Mke wangu alikuwa miongoni mwa wanaocheka. Hilo lilinikereketa kuliko yote. Nyumbani kwetu Izia, jirani na Kasense, jioni, nilimwona anasonga ugali huku akitabasamu peke yake.

"Unacheka nini?"

"Nimekumbuka maneno ya shemeji kuhusu jogoo wa katekista."

"Maneno gani?"

"Ah, nikiyasema mimi hayachekeshi. Lazima ayaseme mwenyewe."

Nilijaribu wiki ile kutunga jambo la kuchekesha kuhusu jogoo wa katekista. Nililisema wakati wa kula. Mke wangu aliniuliza kama ninaumwa.

Na kweli nilikuwa naumwa, ila sikujua. Asubuhi mkono wangu ulitetemeka nikishika chaki. Nilisema ni baridi. Ili mkono utulie, nilikunywa bakuli la kitu nilichokichukua kwa shangazi yetu, dada yake baba, aliyekuwa mpika pombe, na mke wangu nilimwambia ni togwa tu, ile isiyolevya. Togwa na pombe ya ulezi vina rangi moja, na mke mwema hamnusi mume wake kila asubuhi. Siku ambazo nilipita kwa shangazi jioni peke yangu zilikuwa nyingi, lakini chungu kilikuwa kimoja. Siku ambazo mtu fulani alinipa moshi, yaani gongo, ile pombe kali iliyopigwa marufuku na serikali, sikuziweka kwenye hesabu kabisa. Moshi hauji kwenye chungu. Unakuja kwenye chupa.

Basi mwaka ule, Jumapili kabla ya Kwaresima, kaka alisimama nje ya kanisa mbele ya watu wote, akasema, "Ndugu zangu, kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka Pasaka, mimi na mrija basi. Nimeweka nadhiri."

Watu walicheka wakidhani ni kichekesho kipya. Alipokariri, walishika vichwa. Shangazi alilalama, "Unataka kunifukarisha, mwanangu? Nani ataniletea watu?" Mzee mmoja alimpa mkono. Padri, ambaye hakuwahi kunipa mkono nje ya ofisi, alimpa mkono. Na mke wangu, mke wangu mwenyewe, alisema kwa sauti ya mtu anayesali, "Shemeji ana moyo."

Nilisimama pale na viatu vyangu. Nilikuwa nimemtunzia kaka ulevi wake kwa miaka mitatu, nikiuhesabu chungu kwa chungu, nikingoja siku utakapomwaibisha. Sasa alikuwa ameugeuza kuwa utakatifu. Mlevi anayeacha anasifiwa kuliko mtu ambaye hajawahi kulewa. Je, mimi wa chungu kimoja, nilisifiwa lini?

Jumatano, kabla majivu hayajakauka kwenye paji la uso, nilimwambia mke wangu, "Na mimi nimeacha. Si mpaka Pasaka. Moja kwa moja."

Akauliza, "Hata togwa?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa ananusa.

Sikulala usiku ule. Alhamisi mikono ilitetemeka mpaka wanafunzi wa mbele wakaanza kutazamana. Niliandika saba ikawa kama nyoka. Jasho lilinitiririka mgongoni, na nje mvua ilikuwa ikinyesha na watu wamejifunika mablanketi. Chakula sikukiweza. Ijumaa niliona sisimizi wakipanda ubaoni, wengi, wamejipanga mstari. Niliwafuta. Walirudi. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, unafuta nini?" Nikamwambia afungue kitabu.

Mke wangu alisema, "Twende hospitali."

"Kwa ajili ya nini? Mafua?"

"Si mafua haya. Moyo wako nausikia nikiwa huku kitandani. Twende."

"Kaka amekwenda hospitali?"

"Kaka yako haumwi."

"Basi na mimi siumwi."

Naandika maneno haya leo, mtu mzima niliyepitia chuo kikuu na kulipwa kwa kufikiri, na bado yananitia haya kuliko mengine yote niliyopata kuyasema. Kifo kilikuwa kimekaa kitandani pamoja nami, na mimi nilikuwa natazama dirishani, kuelekea Kasense, kuona kama kaka yangu anatetemeka.

Hakuwa anatetemeka. Jumamosi ilikuwa siku ya kulimishana katika shamba la shangazi. Mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni, na huo ndio wakati wetu wa kugeuza majani kuwa yale matuta ya mviringo tunayoyaita intumba, ambayo yataoza ndani na kuwa mbolea. Kazi hiyo huitiwa watu, na watu hupewa pombe. Nilikwenda. Mke wangu alinishika shati mlangoni, nikamkwepa. Nilitaka kumwona kaka akiwa karibu na vyungu na koo limemkauka. Nilitaka, Mungu anisamehe, kumwona anashindwa.

Nilimkuta katikati ya mstari, jembe linapanda na kushuka, anaimba. Alipopumzika, shangazi alimletea maji ya kunywa kwenye kibuyu, akayanywa, akajifuta mdomo, akaangalia vyungu kwa namna mtu anavyoangalia nyumba ya jirani. Hakuna kilichotetemeka. Akaniona.

"Mdogo wangu! Mbona rangi imekutoka?"

"Nipe jembe," nikasema.

"Kaa kwanza."

"Nipe jembe! Unadhani ni wewe tu?"

Yaliyofuata nimeyapata kwa wengine. Inasemekana nililima matuta mawili, vibaya. La tatu nililianza, jembe likanitoka, nikaanguka juu ya majani, mwili wote ukikakamaa na kurushwarushwa, povu mdomoni. Wengine walisema ni kifafa. Mmoja alisema nimetupiwa kitu na walimu wenzangu, jambo ambalo, nikiwafikiria walimu wenzangu, halikuwa la kupuuzwa. Mtu mmoja alitaka kunitia kijiko mdomoni. Kaka akamsukuma, akanilaza ubavu, akavua shati lake akaliweka chini ya kichwa changu. Mwili ulipotulia, walileta kitanda cha kamba cha shangazi, wakanibeba mpaka hospitali ya serikali mjini. Kaka alishika mguu wa mbele wa kitanda njia nzima, na hakukubali kupokewa.

Nilipopata fahamu, nilikuwa nimechomwa sindano ya dawa yenye harufu mbaya iliyokuwa ikitoka ndani ya pumzi yangu mwenyewe. Dresa, yule mganga msaidizi wa hospitali, alikuwa amekaa pembeni. Huyu alikuwa mtu mzima kutoka familia moja ya Kiislamu yenye duka pale mjini, kofia nyeupe, sauti ndogo. Kaka na mke wangu walikuwa wamesimama ukutani.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mwalimu, mimi sinywi na sijapata kunywa, kwa hiyo usinionee haya, maana sina cha kulinganisha. Unakunywa kiasi gani?"

"Chungu kimoja tu."

"Kwa mwezi?"

"Kwa siku. Siku za pombe."

"Siku za pombe ni zipi?"

Mke wangu akajibu kutoka ukutani, "Zote."

"Na hicho chungu," dresa akasema, "kina ukubwa gani? Nisaidieni. Kwetu chungu ni cha wali."

Nikaanza kumweleza kwamba ukubwa wa chungu si hoja, kwamba hoja ni idadi, kwamba mtu ambaye anapaswa kuulizwa ni yule pale anayekaa kwenye vyungu vitatu. Nilimnyooshea kaka kidole.

"Mabirika sita," kaka akasema.

Dresa aligeuka. "Nini?"

"Chungu chake kimoja kinaongezwa mabirika sita ya maji kabla hajainuka. Siku nyingine saba. Tena yale ya kwanza, yenye nguvu, anawahi kabla ya watu. Wenzake kwenye chungu wanavuta, wanaongea, wanavuta. Yeye mrija hautoki mdomoni."

"Na wewe? Vyungu vitatu?"

"Mimi navuta mara mbili hapa, mara mbili pale. Nikiwa na mrija mdomoni nitaongeaje?"

Mke wangu aliziba mdomo kwa kanga. Nilidhani analia. Nilipotazama vizuri niliona anacheka na kulia kwa pamoja, na hata pale, juu ya kitanda cha serikali, nilimwonea kaka wivu kwa kile kicheko.

"Umejuaje mabirika?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nayahesabu. Tangu mavuno ya mwaka juzi."

Kumbe wakati mimi nahesabu vyungu vyake, yeye alikuwa anahesabu mabirika yangu. Tulikuwa wana wa baba mmoja kweli. Tofauti ni kwamba yeye alihesabu kwa hofu, mimi kwa matumaini.

Halafu akasema jambo ambalo lilimfanya dresa aweke kalamu chini. Alisema nadhiri ile ya Kwaresima haikuwa na shida kwake, kuacha mrija kwake ni kama kuacha kuvaa kofia. Aliiweka kwa ajili yangu. Kunishauri alishindwa, maana ndugu mdogo aliyesoma hashauriki na mkulima. "Lakini namjua," alisema. "Nikipanda mti, anapanda. Nikivuka mto, anavuka. Tangu tukiwa wadogo hawezi kuvumilia nimshinde. Nikasema, nikiacha mimi mbele ya watu, ataacha na yeye. Na kweli aliacha."

"Aliacha," dresa akasema. "Karibu aache na kupumua."

Kaka aliinamisha kichwa. Sijawahi kumwona mnyonge vile, si kabla ya siku ile wala baada yake.

Dresa hakupandisha sauti. Alitueleza kama anavyoeleza mtu bei ya kitambaa. Mtu anayekunywa mara moja moja anaweza kuacha leo na kesho asijisikie lolote, kama kaka. Lakini mtu ambaye mwili wake umezoea pombe kila siku, akiikata ghafla, mwili unapigwa na mshtuko: mtetemo, jasho, kukosa usingizi, kuona visivyokuwepo, kuanguka, na wengine hawaamki. Mtu wa namna hiyo asiache peke yake nyumbani kwa kushindana na kaka yake. Aje hospitali kwanza, aache huku anaangaliwa.

"Nitajuaje kama mimi ni wa namna hiyo?" nikauliza, kana kwamba jambo lilikuwa bado na shaka.

"Asubuhi mkono ulitetemeka?"

"Ndiyo."

"Ukanywa kidogo ukatulia?"

Niliificha mikono chini ya blanketi.

"Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kuja hapa," akasema. "Si leo. Na ukimficha mkeo bakuli, siku hiyo pia. Na ukianza kusema chungu kimoja tu. Hilo neno 'tu', Mwalimu. Wanaokunywa kidogo hawalisemi. Hakuna anayewauliza."

Kaka aliuliza je, watu wa Kasense wafanyeje, maana hawataacha kulimishana wala kufunga ndoa. Dresa alikuna kidevu. Akasema wale kwanza, wasivute na njaa. Wahesabu birika, chungu wasikitazame. Mtu apumzishe mrija, anywe maji matupu katikati, na apitishe siku kadhaa za wiki bila kugusa. Aliyelewa asipande baiskeli wala asiachwe alale chali peke yake. Na moshi wasiguse kabisa, kwa sababu hakuna anayejua kilichomo, hata aliyeipika. "Hayo ni ya watu wa kawaida," akasema, halafu akanigeukia. "Wewe hayakuhusu. Kwako wewe hakuna birika la kwanza."

Nililala hospitali siku tano. Kaka alikuja kila siku na uji, uji wa kweli, na kila siku aliwachekesha wagonjwa wa wodi nzima, mpaka mzee mmoja mwenye nimonia akakatazwa kucheka. Siku ya tatu mzee huyo aliniuliza, "Yule kaka yako anakuja saa ngapi leo?" Sikuulizwa habari yangu. Nilikuwa nimekaribia kufa, na bado mtu aliyengojwa alikuwa yeye.

Lakini siku ya tano, kabla ya kutoka, dresa alinipa kazi ngumu kuliko sindano. Alisema peke yangu nitarudi kwenye mrija, si kwa ubaya, ila kwa sababu hesabu zangu zinanipendelea. Nitafute mtu mmoja wa kunihesabia, nimwombe kwa mdomo wangu. "Mkeo tayari ana kazi," alisema. "Tafuta mwingine. Unamjua."

Nilimjua. Nilitembea naye kutoka mjini mpaka Izia, yeye akisukuma baiskeli na blanketi langu juu yake, na njia nzima nilitafuta mtu mwingine kichwani. Nilimfikiria Padri. Nilimfikiria katekista mwenye jogoo. Tulipofika karibu na nyumba yangu, nilisimama.

"Kaka."

"Naam."

"Uendelee kunihesabia."

Alitazama magurudumu ya baiskeli. "Mpaka lini?"

"Sijui. Mpaka nikuambie."

"Basi nitazeeka nahesabu," akasema, na mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni akitungoja, akacheka. Nilijitahidi nicheke na mimi. Kilitoka kitu kama kikohozi.

Pasaka ilifika. Kwa shangazi vyungu vilipangwa uani, na kaka, nadhiri yake imekwisha, alichomoa mrija juu ya sikio huku watu wakipiga vigelegele. Nilisimama kwenye uzio nikiwa sijui niweke wapi mikono. Akanijia na birika la maji ya moto, akaniwekea mkononi.

"Leo utamimina wewe," alisema. "Kwenye hesabu hakuna anayekushinda."

Nilimimina. Kwa mara ya kwanza niliona vyungu kutoka juu. Niliona nani anashika mrija kwa kuongea na nani haongei. Harufu ilinipanda puani na mate yakanijaa, nikahamia chungu kingine, na nikitazama kando nilimkuta kaka ananitazama, midomo inacheza. Alikuwa anahesabu kweli.

Na mimi nilikuwa nahesabu. Alivuta mara mbili kwenye chungu cha kwanza, mara mbili kwenye cha pili, mara moja tu kwenye cha tatu kwa sababu alikuwa katikati ya habari ya jogoo. Kisha akaurudisha mrija sikioni, bila kuusikitikia, kama kitu kisichomdai chochote. Mara tano. Mimi kwa mara tano ningekuwa ndiyo kwanza nakaa vizuri.

Miaka mingi imepita, na tangu siku ile sijarudi kwenye mrija. Watu wa Kasense wanasema nina moyo. Kila wanaposema hivyo nakumbuka mrija wa kaka ulivyorudi sikioni, na wivu unanishika palepale uliponiacha, nikiwa na birika mkononi.